Tupeane uzoefu: gemu ulianzia wapi, na kwa nini unaendelea au uliacha?

Pedi ya Pili:
Wakuu habari za jioni. Mimi nina miaka 38, mke, watoto wawili na bado nacheza gemu, kwa hiyo anayetaka kuniambia nikue apite tu kimyakimya.

Nilianzia kibandani Mbagala. TV chogo mbili, benchi moja, na PS1 (PlayStation ya kwanza) iliyolazwa kifudifudi maana lenzi ilishachoka, ukiiweka sawasawa haisomi CD, ukiigeuza inasoma kama mpya. Tulikuwa tunacheza Winning Eleven, gemu la mpira, ile ya Kijapani. Hakuna aliyejua kusoma hata herufi moja pale ndani, lakini mtoto wa darasa la nne anakupangia kikosi, anafanya sabu, anaweka dakika 10, yote kwa kuhesabu: chini mara tatu, kitufe cha duara, chini mara moja, duara. Siku ilipokuja CD ya Kiingereza tukapotea wote, maana kukubali kulihamia kwenye kitufe cha eksi na vidole vilishazoea duara, mtu anataka kuanza mechi anajikuta amerudi nyuma. Roberto Carlos kaandikwa Larcos na hakuna aliyejali, mradi frikiki inaenda.

Sheria ilikuwa moja: ukifungwa unalipa na unaachia pedi. Umesubiri zamu yako nusu saa nzima, umekaa dakika 10, umepigwa tatu, unanyanyuka huku watu wanakucheka mpaka mlangoni. Hapo ndipo nilijifunza kukaba, siyo kwa kupenda.

Sasa maoni yangu, na mnipinge. Watu wanasema gemu za sasa zimeharibika, mimi nasema picha nzuri, mpira mzuri, hata FC ya sasa hivi (ile iliyokuwa inaitwa FIFA) ukiiangalia kwa mbali unadhani ni live. Kilichoharibika ni kwamba anayefungwa haachii pedi tena, anatoa hela. Mwaka juzi niliingia kwenye gemu moja la mpira la simu, nikawa nafungwa na vitoto vina mastaa 11, nikasema ngoja na mimi ninunue pakiti, yaani unalipa bila kujua utapata mchezaji gani. Elfu kumi ya kwanza nikapata kipa wa akiba. Elfu kumi ya pili nikapata kipa yuleyule. Nikasema haiwezekani, nikaweka na ya tatu, na mke wangu asisome hapa. Hiyo siyo gemu, hiyo ni kamari imevaa jezi. Wabelgiji waliliona mapema, 2018 wakasema hizi pakiti za bahati nasibu zinavunja sheria yao ya kamari, na mwanzoni mwa 2019 EA, wenye gemu la FIFA, wakaacha kuuza kule FIFA Points, zile pointi za kununulia pakiti. Sisi huku mtoto anachukua simu ya baba yenye salio na hakuna anayeuliza.

Haya, leteni zenu.

Mwana wa Kisauni:
Hapa Mombasa sie tulikuwa wa saiba (cyber cafe), kompyuta moja watu wanne, GTA San Andreas. Nlikuwa na daftari la hesabu, mbele kuna algebra nyuma kuna kodi za gemu, yale maneno ya siri unayoandika upate msaada. HESOYAM kila mtu aliijua, unapewa afya, fulana ya risasi na dola 250,000, na ukiipiga gari lako linalotaka kulipuka linapona. Mwalimu akaliona lile daftari akadhani ni kodi za kuibia mtihani, nilichapwa na sikuweza kujieleza, ntaanza kumwambia nini, kwamba ni za kuita kifaru?

Lakini ile misheni ya treni bwana. Wewe ndiye CJ unaendesha pikipiki, mwenzako Big Smoke nyuma anapiga risasi kila mahali isipokuwa kwa wale watu walio juu ya treni. Hadi leo sijaimaliza. Nina diploma, nina gari, ile misheni sina.

Bi Tekken:
Mimi ni wa kike na nipo Mwanza. Kibandani sikuwahi kuingia, ningeanzia wapi, nilicheza chumbani kwa kaka akienda shule zamu ya mchana. Tekken 3, gemu la kupigana. Nilikuwa namchukua mpiganaji anaitwa Eddy nabonyeza vitufe vya mateke tu bila mpango, anazunguka kama feni, kaka yangu aliyekuwa anajua kombo zote za Jin alikuwa anatoka chumbani akilia. Akapitisha sheria Eddy marufuku. Nikahamia kwa King nikajifunza kukaba shingo, ndipo aliponiheshimu.

Sasa Pedi ya Pili unalalamikia pakiti, mimi nilalamikie maiki. PUBG ya simu, gemu la kupigana risasi mtandaoni, ukiongea tu wakijua ni mwanamke, sekunde ya kwanza mtu anaomba namba, sekunde ya pili umekufa basi ni matusi na "rudi jikoni". Kwa hiyo nacheza miaka sasa nimezima maiki, wananiita kaka, wananisifu, "kaka umetisha". Nanyamaza. Mnapokumbuka raha ya kibanda mkumbuke pia nani alikuwa haruhusiwi kukaa kwenye lile benchi.

Dogo wa Bando:
Wazee wangu shikamooni. Nina 19, kibanda sijakikuta mtaani kwetu. Naomba niulize tu, hizo CD zenu mlinunua? Zote za kuchoma, PS zote zimepigwa chipu zisome CD za wizi, aliyetengeneza gemu hakuona hata mia yenu. Leo mnakuja kulia kuhusu pakiti. Mimi eFootball (la mpira) na Free Fire (la risasi) nimeshusha bure na ni halali kabisa, na pakiti sijawahi kununua, nakomaa hivyohivyo. Shida yangu siyo mastaa 11, ni simu inastaki nikiwa peke yangu na kipa, na sasisho linakuja usiku linakula bando la wiki nzima.

Mbali na Nyumbani:
Niko Muscat mwaka wa saba. Mdogo wangu yuko Unguja. Kila Ijumaa saa nne usiku ya huku, kwake saa tatu, tunaingia eFootball, simu nyingine tumepigiana video pembeni. Mechi yenyewe inakwama, mpira unafika kabla ya mchezaji. Hatujali. Kipindi cha kwanza tunaongea ya mama, cha pili tunatukanana. Zamani nilikuwa namkataza kunigusia PS.

Mzee wa Kibanda:
Vijana salaam. Nina kibanda tangu enzi za PS2, mpaka leo, dogo anasema hakioni, aje Tandika nimwoneshe. Sasa hivi ni PS4 tatu, wengi wanaokuja wana simu zenye mpira ndani, ila wanakuja, maana kumfunga mtu unayemwona uso ni kitu kingine. Nimepaka dawa ya meno CD zisizohesabika. Analogi za pedi zinakufa kila mwezi, zile za enzi za PES 6, gemu la mpira, zilikufa zaidi, kila mtu anamtaka Adriano wa Inter, nguvu ya shuti 99, anapiga kutoka katikati ya uwanja na mwenzake anatupa pedi ukutani. Tena anayetupa pedi ndiye aliyekuja na mia mbili.

Kuna memori kadi ya mtu nimebaki nayo tangu 2009, imeandikwa kwa kalamu USIGUSE. Ndani kuna Master League, ile ya kuendesha timu yako msimu hadi msimu, Castolo na Minanda, wale wachezaji wa kubuni unaoanza nao, bado wapo kikosini, mwenyewe hajauza hata mmoja. Sijaifuta. Kama ni wa humu, aje.

Pedi ya Pili:
Mzee shikamoo. Yangu ilikuwa na plasta nyekundu, kwa hiyo siyo hiyo. Ila usiifute.

Na dogo, kuhusu CD za kuchoma, sina jibu.

Mwana wa Kisauni:
Hakuna mtu humu alomaliza ile ya treni anifundishe?

Bi Tekken:
Uendeshe mbali kidogo na treni, usiwe karibu. Mpe Big Smoke nafasi ya kuwaona.