Nashuka Mabatini alfajiri kuwahi Mwaloni: nibebe kisu?

Mchuuzi wa Mawe: Wakuu, habari zenu. Nauza dagaa, naishi Mabatini hapa Mwanza, juu kabisa kwenye mawe. Saa kumi alfajiri nashuka kuwahi soko la samaki la Mwaloni Kirumba, maana ukichelewa mzigo mzuri umeshabebwa. Njia ni ngazi za mawe na vichochoro, taa hakuna mpaka ufike lami. Juzi jirani yangu alitiwa roba, yaani alikabwa shingo kwa mkono kutoka nyuma, hapo hapo, wakachukua simu na hela yote ya mtaji. Ni mwanaume, tena ana mwili. Tangu siku hiyo natembea roho mkononi. Mume wangu yuko Ukerewe kwenye uvuvi, na dada yangu ananiambia nibebe kisu kwenye kapu. Mnanishauri nini?

Kijana wa Igoma: Beba dada. Kibaka akiona chuma anakimbia.

Mama Pasiansi: Hapana, mdogo wangu. Roba inatoka nyuma, kisu kiko ndani ya kapu chini ya kanga. Utakitoa saa ngapi? Na wakiwa wawili, kitaishia mikononi mwao. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 18 inakupa haki ya kujitetea, lakini nguvu utakayotumia iendane na hatari uliyo nayo. Ukimchoma mtu aliyeshaanza kukimbia na simu yako, kesi inageuka kuwa yako.

Wakitaka simu, wape. Wakikukaba shingo hapo pigana. Sekunde za kwanza ndizo zako: bana kidevu kifuani, shika mkono wake kwa mikono yako yote miwili uuvute chini kwa nguvu, geuza uso kuelekea kwenye mkunjo wa kiwiko chake, kwa sababu hapo ndipo koo linapata nafasi. Mkanyage unyayo kwa kisigino. Ukichomoka, kimbia kuelekea kwenye watu huku unapiga kelele. Mwombe shemeji akirudi mfanye zoezi hilo taratibu hadi mwili ulizoee.

Deiwaka wa Nyakato: Mimi ni bodaboda. Pikipiki haipandi hayo mawe, ila chagua dereva mmoja, kijiwe chake kiwe kinajulikana, uwe na namba yake na ya pikipiki. Usishuke mpaka akupigie kwamba yuko chini, na muache simu hewani unaposhuka. Hela ya mtaji iache kwenye simu, muuzaji wako mlipe kwa lipa namba. Pochi ya mfukoni iwe na nauli tu, na namba ya siri ya pesa isifanane na ya kufungulia simu.

Ng'wana Sengerema: Huku kwetu Usukumani mtu akivamiwa anapiga mwano, yaani yowe la kuomba msaada, na kila anayesikia anatoka. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliutegemea sana. Mjini watu wanafunga milango kwa sababu hawajui nani analia. Kwa hiyo pita leo mchana kwenye nyumba zinazopakana na hizo ngazi, waambie unapita saa ngapi, kubalianeni filimbi. Mweleze na mwenyekiti wa mtaa habari ya taa na ulinzi shirikishi.

Ila nakuomba kitu kimoja: taja jina lako na useme "nisaidieni". Usiseme "mwizi". Neno hilo gizani linaweza kumuua kijana aliyekuwa anawahi daladala. Akikamatwa mtu, pigeni 112, polisi wamchukue akiwa hai.

Kijana wa Igoma: Mama Pasiansi, hilo la roba kutoka nyuma sikuliwaza. Filimbi ni bora.

Mchuuzi wa Mawe: Asanteni sana. Kisu hakitoki jikoni. Nimeshaongea na mama wa nyumba ya tatu, kumbe naye anashuka saa hiyo hiyo kwenda kuchukua nyanya sokoni. Kuanzia kesho tunashuka pamoja. Jioni tunapita kwa mwenyekiti. Deiwaka, kijiwe chenu kina mtu anayeweza kufika Mabatini saa hiyo?