Kampuni ilishafungwa, kodi ya mauzo nadaiwa mimi

Swali
Wakuu, naombeni msaada. Nilikuwa mweka hazina wa kampuni ya fanicha jijini New York. Sina hata hisa moja. Kila risiti tulimtoza mteja kodi ya asilimia 8.875, lakini biashara ilipoyumba fedha hiyo ikawa inaishia kwenye mishahara na kwa wauza mbao. Rais wa kampuni ndiye aliyeamua nani alipwe, mimi nasaini hundi. Tukafunga. Juzi nimepata barua ya jimbo yenye jina langu: dola 41,000, riba na adhabu ndani yake. Mimi nilijua deni la kampuni hufa na kampuni. Silali usiku. Kweli naweza kudaiwa binafsi?

Jibu la 1
Pole sana ndugu. Ndiyo, unaweza. Fedha ile haikuwa ya kampuni hata siku moja. Mteja aliitoa kwa ajili ya jimbo, nyinyi mliishika kama amana, na kifungu cha 1133 cha sheria ya kodi ya New York kinamfuata mtu mwenye wajibu wa kuilipa, awe na hisa au asiwe nazo. Hawahitaji hata kuthibitisha kwamba ulikusudia. Watatazama nani alisaini hundi na ritani (fomu za taarifa ya kodi), nani aliajiri na kufukuza, nani alijua hali ya fedha. Cheo peke yake hakikufungi, ila hizo sahihi ni nzito. Na wakikukuta unahusika, wanaweza kukudai deni zima, si fungu lako tu.
Barua ina tarehe gani? Una siku 90 za kupinga, zinahesabiwa tangu ilipotumwa. Zikipita, mlango huo umefungwa.

Jibu la 2
Naongeza moja, maana mimi nilikaribia kukosea hapo: usikimbilie kujitangaza mufilisi. Mahakama ya kufilisika haifuti kodi uliyoitoza kwa niaba ya serikali. Tafuta wakili wa kodi.

Aliyeuliza
Asanteni sana. Zimebaki siku 61. Nimepata barua pepe ya rais: "Kodi ingoje, lipa mbao."

Jibu la 1
Itunze, lakini ujue inakata pande mbili. Inaonyesha hukuwa na kauli ya mwisho, na inaonyesha pia ulijua kodi haijalipwa. Mwonyeshe wakili kwanza, kabla hujaituma popote.