Mbunge wa Kusini akikwamisha kikao, anatutetea au anatuchonganisha?

MTOA MADA, MTWARA MJINI

Wadau, salaam. Kila msimu wa bajeti ukikaribia, mada hii inarudi vijiweni na kuishia kwenye kurushiana maneno. Wapo wanaosema mbunge anayesusia kikao, anayeshika shilingi ya waziri, yaani anayezuia fungu la mshahara wake mpaka ajibu, au anayepiga kelele hadi Spika asimame, huyo ndiye anayewasha moto mitaani. Mimi naona kinyume. Moto unawaka pale mbunge anaponyimwa nafasi ya kukwamisha jambo humo humo ukumbini.

Nianze na la kwetu. Mei 22, 2013, Waziri Profesa Sospeter Muhongo alisoma bajeti ya Nishati na Madini Dodoma, na mpango wa bomba la gesi la kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam ukabaki pale pale. Hapa mjini watu walikuwa wakifuatilia hotuba redioni. Hata haijapoa, matairi yakawaka barabarani, mabomu ya machozi yakarindima. Watu walikufa. Jeshi likaletwa, na Spika Anne Makinda akaahirisha Bunge. Lakini swali la watu, gesi ikiondoka, Mtwara inabaki na nini, lilikuwa limeshaulizwa kwa maandamano ya Desemba 27, 2012. Kati ya siku hizo mbili, Masasi iliungua kwa vurugu Januari. Miezi mitano ilitosha kabisa kwa Bunge kulisimamisha jambo hilo hadi lijibiwe.

Sasa tuangalie silaha yenyewe. Kwenye Kamati ya Matumizi, fungu la mshahara wa waziri likiitwa, mbunge anasimama: asipopewa maelezo ya kuridhisha anatoa shilingi. Wenzake wanamuunga mkono, waziri anahangaika kujibu, na ikibidi wanapiga kura. Kwa dakika hizo chache serikali nzima inamsikiliza mtu wa Nanyumbu au Liwale. Kisha muda unaisha, inakuja gilotini, mafungu yaliyobaki yanapita kwa mkupuo. Na juu ya yote ipo Ibara ya 90 ya Katiba: Bunge likikataa bajeti ya serikali, Rais anaweza kulivunja. Mbunge wa chama tawala anajua pia kwamba akivuliwa uanachama, ubunge umekwisha. Ndiyo maana shilingi nyingi hurudishwa, mbunge anaondoa hoja yake.

Naomba tujadili bila kutukanana.

MCHANGIAJI, NEWALA

Ndugu mtoa mada, nakuheshimu ila hapa sikubaliani nawe. Kukwamisha kumetupa nini? Aprili 16, 2014 UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walitoka Bunge Maalum la Katiba, Profesa Lipumba mbele. Bunge likaendelea bila wao, na Oktoba 2 mwaka ule Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa. Mwaka 2016 wakasusia vikao vya Naibu Spika Tulia Ackson karibu mkutano mzima wa bajeti. Akidi, yaani idadi ya chini ya kufanya uamuzi, ni nusu ya wabunge wote, na wapinzani hawakufika hata huko, kwa hiyo kazi iliendelea na bajeti ikapita.

Njoo kwenye korosho, maana ndiyo inayotulisha. Juni 2018 ulipoletwa Muswada wa Fedha wa kuchukua ushuru wote wa kusafirisha korosho ghafi na kuupeleka Mfuko Mkuu wa Serikali, wakati asilimia 65 ilikuwa inarudi kwenye zao, wabunge wa Kusini walipinga, wa CCM na wa upinzani. Walibishana mpaka sauti zikakauka. Muswada ukapita. Huku kwetu mtu anasimama dukani na mfuko wa salfa, dawa ya mikorosho, anauliza bei mara mbili akidhani hakusikia, anaurudisha. Mikorosho haingoji mjadala. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, ukiingia kwenye maua, msimu umekwenda. Kelele bila kura ni hasara tupu, na vijana wanaosikia kelele hizo ndio wanaokwenda kuumia.

MCHANGIAJI, KILWA MASOKO

Kaka wa Newala, hesabu yako ni ya kweli ila umeikatisha njiani. Ile Katiba Inayopendekezwa ilipita bungeni, sawa, lakini kura yake ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 haijafanyika hadi leo. Zanzibar, baada ya uchaguzi wa 1995, wawakilishi wa chama cha CUF walisusia Baraza la Wawakilishi, wakasusia tena, hadi Muafaka wa 1999, makubaliano ya CCM na CUF. Walipolirudia baada ya 2000, waliokosa vikao walipoteza viti, na Pemba wakarudi kwenye uchaguzi mdogo 2003. Kwa hiyo kususia kuna gharama, hilo silikatai. Hata Bunge la Muungano, mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika, kiti kimekwenda.

Linaloniuma mimi ni runinga. Serikali mpya ilipoingia, Novemba 20, 2015, UKAWA walipaza sauti Rais Magufuli akifungua Bunge, kisa uchaguzi wa Zanzibar uliofutwa, wakatolewa nje. Nchi nzima iliona. Januari 27, 2016 Nape Nnauye, wakati huo Waziri wa Habari na mbunge wa Mtama, mtu wetu kabisa wa Lindi, akatangaza TBC haitarusha tena Bunge moja kwa moja. Wapinzani wakagoma, polisi wakaingia ukumbini. Kuanzia hapo mbunge wangu akibana waziri mimi nikawa nahadithiwa.

MTOA MADA

Asanteni. Ndugu yangu wa Newala, naona umeweka kutoka nje na kubaki kubishana kwenye kapu moja. Anayetoka anamwachia mwenzake kura. Waliobaki Juni 2018 walikuwa na haki yote upande wao, wakashindwa kwa sababu kifungu kile hakikuwalazimisha wabunge wengine kujitaja. Bajeti kuu inapigiwa kura kwa kuita jina moja moja, ndiyo au siyo. Kifungu kinachochukua fedha za zao la watu wa mikoa miwili, mitatu kinapita kwa "wanaoafiki waseme ndiyo", na aliyesema ndiyo anakuja Tandahimba kuomba kura kana kwamba hakuwepo.

Ninachotaka ni hivi: wabunge wakisimama kwa idadi inayotosha kuomba, kifungu cha namna hiyo kitolewe kwenye gilotini, kipigiwe kura kwa majina, na runinga iwe wazi. Wa Lindi, Masasi na Tandahimba bado hatujawasikia. Kama mnapinga hilo, semeni kwa nini.