Chakula cha chaza wachanga: aina moja ya mwani, mchanganyiko, au maji ghafi ya bahari?

MleziWaChaza: Wenzangu, ninalea chaza wachanga kwenye matangi na nina njia tatu mbele yangu: kuwapa mwani uitwao Dunaliella peke yake, kwa kuwa huota kwa urahisi, kuchanganya aina mbili nyingine za mwani, Isochrysis na Chaetoceros, au kuwapitishia maji ya bahari yasiyochujwa. Ipi inawafaa zaidi?

Matamvua: Ya kwanza ningeiacha. Dunaliella karibu haina kabisa DHA, aina ya mafuta ya omega-3 yanayohitajika kwa ukuaji, na chaza hawezi kujitengenezea ya kumtosha. Hivyo atachuja mchana kutwa, tumbo lijae, na bado asikue ipasavyo. Isochrysis ina DHA kwa wingi, Chaetoceros ina EPA, omega-3 ya aina nyingine, na zikichanganywa kila moja hufidia upungufu wa nyingine.

KomeWaMwamba: Ubaya wa maji ghafi ni tope. Vijikunjo vya nyama vilivyo kando ya kinywa huchambua chembe, na zisizofaa hufungwa kwa ute na kutupwa nje kabla hazijamezwa. Ukitazama kwa karibu utaona mawingu mepesi yakitoka ukingoni mwa gamba. Hicho ni kinyesi bandia, tofauti na kinyesi halisi, ambacho hutoka kama nyuzi fupi zilizoshikamana. Kikizidi, ama tope ni jingi ama unawalisha kupita kiasi, na ute huo wote chaza anautengeneza kwa nguvu ambazo angezitumia kukua.

Mizani: Naunga mkono mchanganyiko, ila jina la mwani pekee halitoshi. Isochrysis iliyozeeka kwenye chombo na kuishiwa nitrojeni, malighafi ya protini, hurundika kaboni, wakati uwiano wa kaboni na nitrojeni mwilini mwa chaza haubadiliki sana kufuata chakula chake: nitrojeni ikiwa haba huibana, ikizidi huitoa kama amonia. Kwa maoni yangu hili ndilo linalosahaulika zaidi, kwani watu huhesabu seli kwa uangalifu mkubwa bila kujali zimekuzwa vipi. Uvune mwani ungali unaongezeka kwa kasi.

MleziWaChaza: Ahsanteni, nachukua mchanganyiko. Je, nikipima amonia tangini nitajua kama chakula kina protini ya kutosha?

Mizani: Si kwa amonia peke yake, ndugu. Amonia hupanda protini inapozidi, lakini hupanda pia chaza mwenye njaa anapoanza kuvunja protini ya mwili wake mwenyewe. Pima pamoja na uzito wa nyama iliyokaushwa: amonia ikipanda huku nyama ikipungua, hiyo ni njaa.