SoxR inashika DNA wakati wote, sasa jeni inawashwaje?

ChembeHai: Wakuu, naomba msaada. Wiki ya tatu sasa niko na SoxR, protini ya bakteria E. coli inayowasha jeni za kujikinga. Nilivyoelewa, parakwati (dawa ya kuua magugu) ikiingia kwenye bakteria inaipokonya SoxR elektroni, SoxR inakimbilia promota (kipande cha DNA cha kuwashia jeni) ya jeni soxS, jeni inawaka. Nimeendesha jeli ya kuona kama protini imeshika DNA: protini niliyoitia dithionaiti (kemikali ya kurudisha elektroni) na ile ambayo sikuitia zote zimeshika DNA, mikanda inalingana. Nimerudia mara nne. Kama haiji wala haiondoki, swichi iko wapi?

MpimaElektroni: Mdogo wangu, jeli yako haina kosa. SoxR haibanduki. Imekaa juu ya promota tangu mwanzo, iwe na elektroni au imepokonywa.

Siri iko kwenye promota yenyewe. Polimerasi ya RNA, kimeng'enya kinachonakili jeni, hutafuta alama mbili, ya -35 na ya -10 (yaani takriban jozi 35 na 10 kabla ya mahali kunakili kunapoanzia), na hupenda ziachane kwa jozi za besi 17 hivi. Kwenye soxS zimeachana kwa 19. Jozi mbili zinaonekana kidogo, lakini DNA imesokotwa: kila jozi inazungusha takriban digrii 35, kwa hiyo alama moja imegeukia pembeni kwa digrii kama 70. Polimerasi inashika upande mmoja, wa pili haiufikii vizuri.

SoxR ni molekuli mbili zilizoshikana, kila moja ina kishada cha atomi mbili za chuma na mbili za salfa. Kishada kikipoteza elektroni moja tu, protini inabadili umbo na kuikunja na kuipinda DNA iliyo chini yake. Alama zinarudi upande mmoja, protini SoxS inatengenezwa kutoka soxS, nayo inaamsha jeni za kujikinga: sodA, zwf na wenzao. Mimi nilipoelewa hili nilikaa nikakunja kamba mezani jioni nzima. Elektroni moja, na uzi mzima unajipinda!

Ila nakuuliza: dithionaiti uliitia kwenye meza ya wazi? SoxR safi ikiwa hewani inapoteza elektroni haraka sana. Huenda sampuli zako zote mbili zilikuwa kitu kimoja.

ChembeHai: Meza ya wazi, ndiyo. Dah. Kwa hiyo mikanda ingelingana vyovyote vile, na mimi nilikuwa napima kitu kisicho swali langu.

SalfaMbili: Ulichokuwa unakitegemea ni tabia ya FNR, dada, protini nyingine ya E. coli. Hiyo, oksijeni inavunja kishada chake cha chuma nne kikawa cha chuma mbili, jozi inaachana, DNA inaachiwa. OxyR, protini ya tatu ya aina hii, haina chuma kabisa: peroksidi ya hidrojeni inazifunga pamoja sisteini zake (asidi amino zenye salfa), ya 199 na ya 208. Kinachonivutia ni kwamba OxyR inawasha jeni grxA, na protini glutaredoksini inayotoka hapo ndiyo inayokuja kufungua kifungo hicho. Inajizima yenyewe.

MpimaElektroni: Achana na jeli. Pima RNA ya soxS inayotengenezwa, kila kitu kikiwa ndani ya kisanduku kisicho na oksijeni, kisha ruhusu hewa kwenye nusu ya mirija.

ChembeHai: Nimeshaomba zamu ya kisanduku, Alhamisi. Nitaweka pia promota niliyoikata iwe na jozi 17. Kama mnachosema ndicho, hiyo itawaka bila kungoja SoxR ipoteze elektroni.

MpimaElektroni: Hiyo ya 17 usiiache hata muda ukiwa mfinyu.