Nyumba ya kujitegemea: Kibada au Kibamba?

Mleta mada
Habari zenu wanajukwaa. Tunanunua nyumba ya kujitegemea ya vyumba vitatu jijini Dar es Salaam, na zimebaki mbili: moja Kibada, Kigamboni, nyingine Kibamba, kando ya Barabara ya Morogoro. Ya Kibamba ni kubwa zaidi na uzio wake umekamilika. Mimi nafanya kazi Posta, katikati ya jiji, na tutaishi na mama mzazi ambaye huhudhuria kliniki ya kisukari. Naomba mlinganishe mazingira kuliko majengo, kwa kuwa ukuta naweza kuujenga, lakini hospitali na barabara siwezi.

Mkazi wa Kibada
Sehemu kubwa ya Kibada ilipimwa katika ule mradi wa serikali wa viwanja 20,000, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, na matunda yake yanaonekana hadi leo: njia za mitaa ziliachwa kabla watu hawajajenga, kwa hiyo gari la kunyonya maji taka au la wagonjwa hufika getini bila kupita kwenye ua wa jirani. Kwenda Posta utachagua kivuko cha Magogoni au Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016. Darajani gari hulipiwa tozo, basi iingize kwenye bajeti ya mwezi. Waulize pia majirani kama bomba lao hutoa maji kweli au wanategemea visima, maana karibu na bahari maji ya kisima yanaweza kuwa na chumvi.

Dada wa Mbezi
Kwa ajili ya mama, mimi ningechagua Kibamba bila kusita. Hospitali ya Mloganzila, ambayo ni tawi la Muhimbili, haiko mbali, na mgonjwa wa kisukari anahitaji uangalizi wa mara kwa mara, si safari ndefu ya kuvuka maji kila anapoitwa kliniki. Kituo cha mabasi cha Magufuli kiko Mbezi, na kutoka Kimara kuna mwendokasi hadi Kivukoni. Hata hivyo, usisahau mwaka 2017, ambapo nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ukanda uliotengwa kando ya barabara usiruhusiwe kujengwa, na miongoni mwa wenyewe walikuwamo watu walioishi hapo miaka mingi. Uzio mzuri hauthibitishi chochote. Mpeleke mpima ardhi akaoneshe bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja.

Mzee wa Ardhi
Naongezea kwamba upekuzi wa hati, yaani kuhakiki mmiliki na madeni ya kiwanja kwenye kumbukumbu rasmi, ufanyike kwenye ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata malipo ya awali, na barua ya serikali ya mtaa isichukuliwe kuwa mbadala wake. Kama nyumba ni makazi ya wanandoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi, hivyo zungumza na mke na mume wote wawili, si dalali peke yake.

Mleta mada
Nawashukuru sana. Nitaanza na mpima ardhi na upekuzi wa Kibamba. Kiwanja kikionekana kuwa nje ya hifadhi, mama atakaa karibu na hospitali, nami nitaibeba safari ya Posta. Kikiwa ndani, tutanunua Kibada hata kama nyumba ni ndogo.