Naomba ushauri: kuendesha Linux ya mezani ndani ya kishikwambi

Mwana_Moro:
Wakuu, habari za majukumu. Niko mwaka wa tatu, laptopu imekufa mazabodi na hela anayotaka fundi sina mpaka bumu litoke. Nilichobaki nacho ni kishikwambi cha Android 13, RAM 4 GB, nafasi 64 GB, pamoja na kibodi ya Bluetooth. Nasikia unaweza kuweka Debian nzima (aina mojawapo ya Linux) humo ndani. Je, Android itafutika? Lazima nikiruti, yaani nikifungue nipate mamlaka yote ya mfumo? Kazi ni ripoti ya utafiti na kuchakata madodoso, na msimamizi anataka SPSS, ile programu ya takwimu. Naomba kuwasilisha.

Kisiki_Kikavu:
Isije ikawa ni kile kilichotumika kwenye sensa ya 2022, dogo. Hicho mrudishie mwalimu wake.

KibodiYaMbao:
Mkuu, hakifutiki kitu wala huhitaji kuruti. Chukua Termux (programu ya kuandikia amri za Linux ndani ya Android) kutoka F-Droid, duka la programu huria, kwa sababu ile ya Play Store ni toleo jingine na maelekezo mengi utakayokutana nayo hayaendani nalo. Andika kwanza `uname -m`. Ikijibu aarch64, yaani biti 64, uko salama. Vingi vya bei chee vina prosesa ya biti 64 lakini Android vilivyowekewa ni ya biti 32, na hapo utahangaika. Baada ya hapo `pkg install proot-distro`, kisha `proot-distro install debian`. Fanya usiku kwenye bando la bei nafuu, maana ukijumlisha eneokazi (desktop) na LibreOffice ya kuchapia ripoti data inaenda kweli.

Ila ujue unachopata. Debian hiyo haina keneli yake (kiini cha mfumo kinachoongea na kifaa), inaazima ya Android. Proot inakaa katikati na kuziaminisha programu kwamba ziko kwenye mfumo wao wenyewe na wewe ndiye mwenye mamlaka yote. Programu ikitaka kufungua faili, ombi linasimamishwa, njia inabadilishwa, ndipo linapitishwa. Ndiyo maana kusakinisha vifurushi kutakuchosha, lakini kuchapa ripoti hutaona tofauti kubwa. Eneokazi weka XFCE au LXQt, GNOME iache. Kwa kuonyesha eneokazi kwenye skrini tumia programu ya Termux:X11, iko laini kuliko njia ya VNC.

Bi_Terminali:
Naongeza hapo: usijaribu kuihamishia kwenye memori kadi. Kadi za FAT32 na exFAT hazitunzi ruhusa za faili za Linux wala viungo vya mkato, na Debian bila hivyo haisimami. Iache kwenye hifadhi ya ndani.

Kuhusu SPSS, hiyo humo haikai, tumia mbadala wake wa bure, PSPP. Andika `apt install pspp`. PSPP inafungua faili za .sav, inafanya majedwali mtambuka, t-test, ANOVA ya njia moja, rigresheni ya mstari na ile ya logistiki yenye majibu mawili. Kwa utafiti wa shahada ya kwanza, mara nyingi hayo ndiyo yanayohitajika. Mwambie msimamizi mapema, usingoje siku ya kutetea.

Mzee_wa_N810:
Vijana mna raha. Nokia N810, kishikwambi kidogo cha mwaka 2007, ilikuwa na RAM 128 MB, prosesa ya 400 MHz na skrini ya inchi 4 na kidogo, na bado tuliiendeshea Debian kwa kifurushi kilichoitwa Easy Debian. Mfumo wake wenyewe, Maemo, ulijengwa juu ya Debian, na chroot, amri ya kuziendesha programu ndani ya folda ya Debian bila kutafsiri kila ombi kama proot, ilitosha. Tatizo la kadi analolisema dada tulilikwepa kwa kuweka Debian yote ndani ya faili moja kubwa lenye ext2 yake (mpangilio wa faili wa Linux), kadi ikabaki FAT. OpenOffice ilifunguka, ila chai unaimaliza kwanza. GB 4 ni anasa.

Mwana_Moro:
Shikamoo mzee. Wakuu, aarch64 imekubali, XFCE ikafunguka vizuri. Nikafungua LibreOffice na Firefox pamoja, skrini ikawa nyeusi na Termux ikaandika "signal 9". Nimerudia, hali ni ileile. RAM imeisha?

Bi_Terminali:
Siyo lazima iwe RAM. "Signal 9" maana yake mchakato umeuawa kwa nguvu. Kuanzia Android 12 mfumo unahesabu michakato midogo inayozaliwa na programu. Ikipita 32 kwa jumla, mfumo unaanza kuiua. Eneokazi zima linafika huko haraka. Kwenye Android 14 kuna swichi ya kuzima hilo katika mipangilio ya wasanidi. Wewe wa 13 unahitaji adb (zana ya kutuma amri kwa Android), na kompyuta si lazima: sakinisha `android-tools` ndani ya Termux, washa utatuzi pasiwaya (Wireless debugging) kwenye mipangilio hiyohiyo ya wasanidi, halafu `adb pair` na `adb connect` kwa localhost, yaani kifaa chenyewe. Gawa skrini pande mbili, Mipangilio huku na Termux kule, la sivyo namba ya kuoanisha inapotea ukihama dirisha. Mwisho:

`adb shell settings put global settings_enable_monitor_phantom_procs false`

Mwana_Moro:
Dada, Mungu akubariki. Vyote viwili viko wazi na PSPP imesoma dodoso langu. Sasa nikiondoa Termux kwa bahati mbaya?

KibodiYaMbao:
Debian inaondoka nayo, na ripoti ndani yake. Endesha `termux-setup-storage`, kisha kila jioni nakili ripoti kwenye /sdcard (hifadhi ya ndani ya kishikwambi, nje ya Termux, si memori kadi). Ukitaka mfumo wote, kuna `proot-distro backup debian --output /sdcard/debian.tar.gz`, hiyo ichomeke chaji kwanza, inachukua muda.